Bonyeza, Sema, Achia

Walitugawia simu sita, Jumatatu, ofisini Gongoni,
nzito kama jiwe la kusagia, kingo zote mpira mweusi,
na ubavuni kitufe cha rangi ya chungwa.
"Bonyeza, sema, achia," akatufunza Tsuma msimamizi,
akaliandika jina langu daftarini
kama kadhi anayefungisha ndoa.

Nianze na sifa zake, nisije nikaitwa asiye na shukrani.
Huku mabwawani chumvi haina adabu.
Imekula bawaba za mlango wa kituo cha pampu,
imekula baiskeli ya Mwagandi ikabakiza kengele,
imekula simu yangu ya kioo, ile ya mkopo,
ikazima nikiwa bado nadaiwa miezi saba.
Hii haikuliwa.
Imeanguka kutoka ngazi ya tangi, ikadunda.
Imezama bwawa namba nne, maji mazito ambamo yai huelea;
nikaiopoa kwa reki, nikaifuta kwa shati,
ikaniuliza kwa sauti ya Tsuma:
"Pampu ya pili vipi?"

Na usiku ule ukingo wa mfereji ulipobomoka
sikutafuta namba, sikungoja mtu apokee.
Nilibonyeza mara moja tu, kwa kidole kilichopasuka,
na watu watano wakasikia pamoja,
wakaja na magunia ya mchanga, Chengo peku.
Kwa hilo naivulia kofia.

Ila kuna bwawa la tisa, nyuma ya mikoko,
mtandao haufiki hata ukiubembeleza.
Hapo uimara wote hugeuka nyundo:
nimegongelea misumari nayo, naungama.

Na haijui kunong'ona.
Spika yake imeundwa ishindane na injini.
Basi saa nane za usiku Nyevu alipofika getini,
akamwomba mlinzi simu, akabonyeza, akasema:
"Mtoto anachemka! Zile pesa za dawa umezipeleka wapi?"
swali lilitoka kila mahali kwa mpigo mmoja,
kwa Tsuma, kwa Chengo, kwa Mwagandi,
na kantini, walikokuwa wakinywa chai wapakiaji kumi na mmoja.

Nikabonyeza nijibu. Naye hakuwa ameachia.
Simu hii haina nafasi ya vinywa viwili:
ililia tii, tii, ikanikatalia,
jibu langu likafia kidoleni.
Alipoachia yeye, nami nilikuwa nimeachia.
Kikaja kimya, na kile kimya
tulikisikiliza sote, kampuni nzima.

Nikabonyeza tena.
"Nimelipa deni la simu," nikasema. "Ile iliyokufa."
Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.
Kisha Chengo: "Shemeji, mimi ninayo mia tatu. Ova."
Kisha mpishi wa kantini, ambaye hata hatusalimiani: "Mia mbili."
Kisha Tsuma, akikohoa:
"Mstari huu ni wa kazi."
Akaachia. Akabonyeza tena.
"Dereva wa mafuta, washa gari, uwapeleke Malindi."

Sijui niliweke upande gani jambo hilo,
kwenye sifa au kwenye aibu.
Mtoto alipona Ijumaa. Hasira ya Nyevu ilichelewa kidogo.

Sasa siku za mapumziko naenda nayo nyumbani, ndiyo amri.
Juzi tumekaa kula, mtoto kaipakata kama mwanasesere,
kidole chake juu ya chungwa,
amejua kubonyeza, hajafunzwa kuachia.
Sisi twaendelea, ada, nauli, mabati yanayovuja,
na mimi, mfanyakazi wa mabwawa kwa miaka tisa,
nikalalamika juu ya mchicha.

Kidole kikachoka. Kitufe kikaruka.
Kutoka mapajani mwa mtoto ikatoka sauti ya Tsuma,
nzito, ya ofisini, kama aulizaye pampu:
"Mstari huu ni wa kazi. Ila nieleze,
kweli mboga ya shemeji ilizidi chumvi?"